Upepo wa Saa Kumi

Ofisi ilimpa tarishi matangazo, nyundo na misumari, ikasahau gundi. Alianza na ukuta wa kinyozi, msumari ukapinda. Akahamia ukuta wa zahanati, msumari ukapinda tena, na muuguzi akatoa kichwa dirishani kumuuliza kama ana ugomvi na jengo. Kuta zote za mtaa ule zilikuwa za matofali ya saruji. Tarishi akakaa kwenye ngazi akanywa maji, huku akiutazama msitu ulioanzia pale nyumba zinapoishia. Mti haupindi msumari. Akaingia humo na kuyapigilia matangazo yote kwenye miti, yakitazama ndani, ili mvua ya upande wa barabara isiyalowanishe. Alikuwa mtu wa kujali kazi yake.

Tangazo lilisema kwamba Idara inakadiria thamani ya msitu kabla ya uamuzi kutolewa. Yeyote anayehusika na faida za msitu afike ofisini, chumba cha mwisho, saa za kazi, aeleze. Asiyefika atahesabiwa kuwa hana cha kueleza.

Kutoka mtaani hakufika mtu. Wangefikaje, na hawakuliona tangazo? Waliofika ni wale waliolisoma.

Kijito kilikuwa cha kwanza. Kilikuja asubuhi na mapema, kikapanda ngazi kwa shida kidogo, kikakaa kwenye benchi la wageni. Msafishaji alileta ndoo akaiweka chini ya benchi.

"Ukimaliza kuongea usiniachie ziwa hapa," alisema. "Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Mthamini, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya ule msitu, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kalamu sikioni na sauti ya chini. Alikisikiliza kijito mpaka mwisho, na kijito hakikuwa na mwisho. Kilieleza jinsi mizizi inavyokishika kisiende haraka, jinsi majani yanavyokikinga na jua, na nani anachota wapi. Mthamini alikuwa akiitikia "ehe, ehe" huku akiandika.

Njia ya Idara iliitwa bei ya mbadala. Kama kitu hakiuzwi, unatafuta kinachouzwa na kinachofanya kazi ileile, unaandika bei ya hicho. Mbadala wa kijito ulikuwa maji ya mkokoteni. Mthamini aliandika bei ya ndoo za mkokoteni, akapiga muhuri, akakipa kijito nakala. Kijito kiliitazama ile namba, kikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kikaondoka.

Nyuki walikuja kwa mstari mmoja kupitia dirishani, kwa kuwa tangazo lilitaka utaratibu. Mbadala wao ulikuwa asali ya dukani. Kivuli kilikuja mchana, na ofisi ikabidi iwashe taa. Mbadala wake ulikuwa turubai. Mwenye chumba jirani alipita akauliza kama umeme una hitilafu, akaambiwa hapana, ni kivuli cha msituni kinahojiwa, akasema sawa, akaendelea na safari yake ya chooni.

Mthamini alidhani kazi imekwisha. Alikuwa anafunga kabati siku hiyo wakati mlango ulipojifungua na kujifunga taratibu, kama unavyofungwa na mtu aliyelelewa vizuri. Karatasi zilinyanyuka mezani zikatua. Pazia likaota tumbo. Ilikuwa saa kumi.

"Karibu, kaa," alisema mthamini, akaweka jiwe juu ya karatasi.

Ulikuwa upepo wa kawaida, si mkubwa, wenye ubaridi wa mahali palipofunikwa na majani. Mthamini alipouuliza unafanya kazi gani, haukujibu. Kijito kilikuwa msemaji. Huu haukuwa hivyo. Ulizunguka kiti, ukapita usoni kwake mara moja, na hapo akasikia harufu ya dawa ya kuchua yenye karafuu, na nyuma yake harufu ya mafuta ya cherehani. Katikati ya chumba palielea kipande cha uzi wa kijani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa anashona sare za shule za kijani.

Mthamini aliutazama ule uzi. Kisha akatazama saa ya ukutani, akavaa koti upesiupesi, akasema, "Twende nyumbani. Twende sasa hivi."

Walikwenda pamoja, yeye mbele na upepo nyuma, na kila walipokata kona upepo ulitangulia kidogo kisha ukamngoja.

Nyumbani walimkuta mama mkwe amekalishwa kibarazani, mgongo ameuinamisha, mikono imeshikilia magoti, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Mkewe mthamini alikuwa anampepea kwa suruali ya sare ambayo haijashonwa upande mmoja. Upepo ulimpita mthamini begani, ukamwingia mama yule taratibu, ukatoka, ukaingia tena. Mabega yake yakashuka. Rangi ikarudi midomoni.

"Leo umechelewa," mke alisema, na hakuwa anamwambia mumewe.

"Ulikuwa ofisini kwangu," mthamini alisema.

"Ofisini? Kufanya nini?"

"Kujieleza."

"Basi uambie siku nyingine uende asubuhi."

Mama mkwe alikuwa opereta wa simu enzi za waya. Kwa miaka yote ya kazi yake aliwaunganisha watu wa mji mzima bila kuwaona, akajua nani anamlilia nani, na hakumwambia mtu. Kifua kilipoanza kumsumbua alipunguza maneno kama anayelipia kila moja. Asubuhi alipumua kwa kuomba, mchana kwa kukopa, na saa kumi, upepo wa msituni ulipoingia kwa mlango wa mbele, ukapita kando ya cherehani na kuingia chumbani kwake, alipumua kama watu wengine. Pumzi hiyo ndiyo aliyoitumia mpaka kesho yake. Daktari alishasema haelewi, ila mama asihame nyumba.

Tangu mama mkwe alipohamia kwao, mthamini hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba chake. Alikuwa anasimama nje na kukohoa kidogo kwa adabu, na yeye ndani anakohoa kwa ugonjwa, na hivyo ndivyo zilivyoanza salamu zao kila siku.

Sasa mthamini alikuwa na kazi ya kutafuta mbadala wa upepo ule. Aliazima feni ya kinyozi, akampa mkewe aiweke karibu na kitanda. Walimsikia mama mkwe akivumilia kwa muda, kwani hakupenda kumvunja moyo mkwewe.

"Izimeni," alisema hatimaye. "Inanirudishia pumzi yangu mwenyewe. Hiyo nimeshaitumia."

Dawa ya kupuliza mdomoni ilikuwepo tayari, chini ya mto. Ilimvusha mchana hadi saa kumi. Haikumvusha zaidi ya hapo.

Kulikuwa na njia ya pili, ambayo Idara iliiruhusu pale ya kwanza inaposhindikana: unamuuliza anayefaidika angetaka nini ili akubali kukikosa kitu chake. Mthamini alizunguka uani, akatengeneza bawaba ya dirisha ambayo haikuwa na shida yoyote, akanywa chai, kisha akaenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe. Akakohoa.

"Nakusikia," sauti ilisema ndani. "Endelea."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea, laini iko wazi."

"Ni swali la kazini, mama. Naomba usilichukulie vibaya. Kama mtu angetaka kuuchukua huu upepo wa saa kumi, ungeomba akupe kiasi gani ndipo ukubali?"

Cherehani ya mkewe ikasimama.

"Niunganishe naye," mama mkwe alisema.

"Na nani, mama?"

"Huyo anayeutaka. Niongee naye."

"Hayupo mtu mmoja, mama. Ni swali tu, la kukadiria."

"Basi namba uliyopiga haipo," mama mkwe alisema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na mkewe mthamini akaingia chumbani mbio huku akimtupia mumewe jicho ambalo lilimfuata hadi uani.

Mkuu wa Idara aliitwa Desimali, ingawa si mbele yake, kwa sababu hakuiamini namba yoyote mpaka aone mkia wake baada ya nukta. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wote na aliwaletea machungwa ya shambani kwake. Alisoma kazi ya mthamini kwa utulivu, kijito, nyuki, kivuli, akawa anaguna kwa kuridhika, mpaka alipofika kwenye upepo. Hapo nafasi ya bei ilikuwa tupu.

"Mbadala wake nini?"

"Hauna, mzee."

"Feni je?"

"Tumejaribu. Inakoroga hewa iliyokwisha tumika."

"Dawa ya kupuliza?"

"Inamfikisha saa kumi. Haimfikishi asubuhi."

"Na yeye mwenyewe amesema anataka kiasi gani?"

"Amesema namba niliyopiga haipo."

Desimali alivua miwani akaifuta kwa tai. "Kwa hiyo bei haijulikani."

"Haijulikani, mzee."

"Kwenye jumla, isiyojulikana tunaandika sifuri."

"Lakini sifuri si sawa na isiyojulikana."

"Si sawa hata kidogo," Desimali alikubali kwa upole. "Ila kompyuta inapokea moja tu kati ya hizo." Akainama kusoma zaidi. "Na huu uzi wa kijani uliouandika hapa ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Na kifua ni cha nani?"

"Cha mama mkwe."

Desimali aliinua macho. "Pole sana na mama. Kweli nakupa pole. Lakini si unaona mwenyewe? Huwezi kuithamini hewa inayopita chumbani kwa mkweo. Watasema umependelea."

"Basi atumwe mwingine aje aithamini."

"Atakuta uzi wa mkeo humo humo. Hilo ni jambo lako la nyumbani, na sisi hapa hatuingilii nyumba za watu."

Akaiandika ile sifuri yeye mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, ili mthamini asilazimike. Kisha akampa machungwa kwenye mfuko ampelekee mama.

Jumla ya msitu ilitoka chini kidogo ya jumla ya maghala ambayo watu fulani walitaka kuyajenga mahali pale. Pengo lilikuwa jembamba. Jioni chache za mtu mmoja kupumua zingeliziba. Mthamini alilijua hilo, kwa kuwa ndiye aliyepiga hesabu, na alikwenda nayo nyumbani pamoja na machungwa.

Alimwambia mkewe wakiwa jikoni. Mkewe alimenya chungwa lote, akaligawa, akampa nusu.

"Ungeandika chochote," alisema. "Namba yoyote tu."

"Nilifikiria. Nikasema nikiweka ndogo, nitakuwa nimemuuza mama kwa bei rahisi. Nikiweka kubwa, wataifuta."

"Sasa?"

"Sasa wameifuta bila mimi kuiweka."

Mkewe alimfuta maji ya chungwa kidevuni kwa kidole gumba. Alikuwa amemkasirikia, na alimfuta hivyohivyo.

Mashine zilikuja kukata. Mashine moja ilikula msumari wa tarishi, msumeno ukaharibika, wakaleta mwingine. Kijito kilihamia kwa jamaa zake bondeni, na nakala yake yenye muhuri ilionekana ikielea mpaka daraja la chini. Nyuki walihamia kwenye paa la zahanati. Kivuli ndicho kilichoteseka zaidi. Kilizurura mitaani kutwa kikitafuta kitu cha kusimama nyuma yake, na mwisho kilionekana kimelala chini ya lori lililoharibika, na dereva akakiacha kilale.

Upepo ulikuja nyumbani kwa mthamini asubuhi ile ile ya kwanza. Ulikuja na vumbi la mbao na majani machache, ukasimama mlangoni. Mke alikuwa kwenye cherehani.

"Ingia," alisema, "ila usinipeperushie nyuzi."

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Upepo wa saa kumi, mama."

"Mbona asubuhi?"

"Umehama."

"Umekuja na mizigo?"

"Majani kidogo tu."

Mama mkwe akavuta hewa ya kutosha sentensi nzima. "Uambie chini ya kitanda pana nafasi. Ila viatu vyangu visiguswe."

Tangu hapo upepo ukaishi chini ya kitanda. Mchana kutwa ulitulia, na aliyeinama kuchukua kitu aliusikia ubaridi wake mkononi. Saa kumi ulitoka, ukamhudumia mama mkwe, ukazunguka nyumba, ukatoa vumbi kwenye kona, ukarudi. Mke alianza kuweka beseni la maji na matawi ya mpera wa jirani pale chini, kwa sababu aliona unakauka. Mthamini naye, akirudi kutoka kazini, alipita kando ya ua wa maghala akaokota majani yaliyobaki, akayaleta ndani ya kofia, akayaacha kizingitini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mtaa mzima, wakati huo, ulikuwa umeanza kukohoa. Magari ya maghala yalipita na vumbi lake, na saa kumi ilikuja na joto lililosimama kama mdai. Mchomeleaji vyuma wa karakana ya mbele ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kibarazani. Alisema amekuja kuulizia suruali. Hakuwa ameshonesha suruali. Mke alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, akamsogezea kigoda.

Siku iliyofuata alikuja na mwalimu, ambaye mapafu yake yalikuwa yamejaa chaki ya miaka. Kisha akaja mama pacha, na mmoja wa mapacha, yule mdogo, alikuwa anapiga mluzi kifuani kila akivuta pumzi, mluzi ambao mwenzake alikuwa ameshazoea kuusinzilia. Wakaja wengine. Walikaa kibarazani na kwenye ngazi, wakijifanya wanapiga soga.

Mama mkwe alitoa kiti chake nje. Alikuwa hajaongoza laini tangu astaafu, lakini mkono haukusahau. Aliunyosha kwa huyu, akaunyosha kwa yule, na upepo ukaenda alikouelekeza.

"Mchomeleaji, subiri kwenye laini. Mwalimu, ongea."

Mwalimu alifumba macho akavuta, akashusha, akavuta.

"Mwalimu, malizia. Kuna mtu anasubiri."

"Opereta, umenikata katikati!"

"Ulikuwa unarudia maneno yaleyale. Mama pacha, mlete mdogo. Huyu hana foleni."

Pacha mdogo alipakatwa magotini. Upepo ulimpitia polepole kuliko wengine wote, kama unaopita mahali penye usingizi, mpaka mluzi wa kifuani ukaisha. Pacha mkubwa, aliyekosa mluzi wake wa kulalia, akaanza kulia, na mchomeleaji akampigia mluzi yeye mpaka akanyamaza.

Upepo ulirudi chini ya kitanda ukiwa mwembamba. Asubuhi ulikuwa umenenepa tena kidogo. Mama mkwe, ambaye sasa aligawana na mtaa kile kilichokuwa chake peke yake, alipumua kwa shida zaidi mchana, na alipoulizwa alisema laini ina kelele tu, ataongea.

Mwaka ulipogeuka, Idara ilitaka kujua kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Mthamini alitumwa mtaani kuuliza nyumba kwa nyumba kama watu wanapumua vibaya kuliko zamani.

"Tunapumua, tunashukuru," alisema mchomeleaji.

"Tunapumua," alisema mwalimu. "Wewe si unatuona kila siku kibarazani kwako?"

Muuguzi wa zahanati alisema wagonjwa wa kifua hawakuzidi. Mwanzoni walizidi, halafu wakapungua, hakujua kwa nini, labda ni asali, maana juu ya paa lake kulikuwa na nyuki.

Desimali alisoma majibu hayo akafurahi, na hakufurahi kwa ubaya.

"Unaona sasa? Nilikuwa na wasiwasi na ile sifuri, nakwambia kweli. Usiku nilikuwa naifikiria. Kumbe ilikuwa sahihi."

"Wanapumulia kwangu, mzee," mthamini alisema. "Upepo uko chini ya kitanda cha mama mkwe. Anawagawia."

"Kwa hiyo huduma ipo."

"Ipo kwa sababu yeye anaitoa kifuani kwake."

"Mungu ambariki," Desimali alisema, na alimaanisha. "Lakini ipo. Msitu haupo na huduma ipo. Basi haikuwa ya msitu." Akavaa miwani. "Hii tutaitumia kwa ule msitu mwingine, wa ng'ambo ya reli. Itatupunguzia kazi. Tayari nimemtuma tarishi na matangazo."

Akampa machungwa.

Mthamini alimkuta tarishi kwenye ngazi za ofisi akifuta nyundo. Alikuwa ameshayapigilia yote, kwenye miti, yakitazama ndani, kwani hakuna aliyemwambia kuwa mara ya kwanza alikosea, na gundi ilikuwa bado haijanunuliwa.

"Safari hii nimewaongezea kitu chini, kwa kalamu," tarishi alisema. "Nimeandika nyumba yako. Mlango wa kijani, mkabala na karakana ya mchomeleaji. Nimeona wale wa kwanza walivyohangaika wakikosa pa kwenda. Kile kivuli kiliniuma sana."

Mthamini alimshukuru, akampa chungwa moja.

Nyumbani kibaraza kilikuwa kimejaa. Alisubiri mpaka laini ilipopungua, akachuchumaa kando ya kiti cha mama mkwe, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alimweleza kwamba mtaa unapumua, na kwamba kwa kuwa unapumua, sifuri imethibitishwa, na sasa itatumika ng'ambo ya reli, na baada ya hapo kwingine.

Mama mkwe alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyosikiliza mji mzima.

"Kwa hiyo nimewasaidia wao," alisema.

"Imekuwa hivyo, mama."

"Nikiwafukuza hawa, namba itabadilika?"

Mthamini aliangalia chini. "Itabadilika, mama. Zahanati ikijaa, itabadilika."

Mama mkwe aliwatazama waliokuwa kibarazani. Mwalimu alikuwa amesinzia, mdomo wazi. Mchomeleaji alikuwa amempakata pacha mkubwa na kumwonyesha kovu la moto. Pacha mdogo alikuwa ameanza tena mluzi wake, mwembamba, na mama yake alikuwa anautazama mkono wa opereta.

Mkono ulikaa juu ya paja kwa muda. Kisha ukanyanyuka.

"Anayefuata," mama mkwe alisema.

Upepo ukaenda kwa mtoto.

Walipokwisha kuondoka wote, na mke amekunja sare na kufunika cherehani, mthamini alisimama mahali pake nje ya mlango wa chumba. Akakohoa. Ndani mama mkwe akakohoa.

"Mama, tarishi ameandika nyumba yetu kwenye matangazo."

"Nimesikia. Ingia."

Mthamini hakuelewa. Alidhani anaitwa mkewe, akageuka kumtafuta.

"Wewe, baba. Ingia. Hili kabati sitalisogeza peke yangu."

Alivua viatu akaingia. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya karafuu na majani mabichi. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ya saruji kila mguu, juu kiasi kwamba mama mkwe alihitaji kigoda kukipanda, na mthamini alielewa kuwa ameyaweka hayo ili mgeni wake asilale ameinama. Viatu vya mama mkwe vilikuwa mahali pake, havijaguswa.

Walilisukuma kabati pamoja, yeye kwa bega, mama mkwe kwa kiganja, wakipumzika kila mara ili mama apate hewa, mpaka likagota ukutani. Nyuma yake pakabaki nafasi ndefu, nyembamba, yenye vumbi. Mke alileta ufagio.

"Patatosha?" mthamini aliuliza.

Mama mkwe alipapima kwa jicho. "Wakibanana."

Chini ya kitanda kukasikika mchakacho wa majani. Upepo ulitoka, ukapita katikati yao ukiwagusa miguu, ukaenda kujikunja kwenye kona ya mwisho kabisa, karibu na dirisha, pale ambapo haungemchukulia mtu nafasi.